WANAWAKE 282, WATOTO WAWILI

"Mtoto wa chupa." Hebu litupe neno hilo kijiweni jioni moja uone moto utakaowaka. Mmoja atasema ni mtoto anayefungiwa ndani ya chupa miezi tisa kama achari ya maembe, halafu kizibo kinafunguliwa. Wa pili ataapa kwamba watoto wa namna hiyo hawana kitovu. Wa tatu, yule mjuaji ambaye kila kijiwe kinaye, atakuambia huo ni mradi wa wakubwa wa dunia kutengeneza askari wasiochoka. Kelele tele, kicheko tele. Lakini hakuna hata mmoja atakayeuliza swali linalowakosesha usingizi mke na mume wa chumba cha jirani, wale ambao kila Krismasi au kila Idi wanaulizwa, "Vipi, bado tu?" Swali lenyewe ni hili: hiyo ngoma ikijaribiwa, inafanikiwa mara ngapi?

Ndugu msomaji, makala haya ni ya swali hilo moja. Nimelifuata kwenye historia kwa sababu historia ya jambo hili husimuliwa kama ngano: palikuwa na wataalamu, palikuwa na mama aliyelia, akazaliwa mtoto, wakafurahi. Kumbe nyuma ya ngano hiyo kuna hesabu, na nyuma ya hesabu kuna wanawake.

CHUPA IPI?

Kwanza tulisafishe neno. Hakuna chupa. Wataalamu wenyewe walitumia Kilatini, in vitro, maana yake "ndani ya kioo", na kioo chenyewe ni kisahani kipana kisicho na kina. Mtoto hakai humo miezi tisa. Kinachokaa humo ni yai lililorutubishwa, nalo hukaa siku mbili, tatu, tano, basi. Siku zote zilizobaki, mpaka uchungu, ni za tumbo la mama.

Na Kiswahili kina kicheko chake hapa. Muulize mkunga yeyote, wa Temeke au wa Likoni, ule mfuko wa maji anamokaa mtoto tumboni unaitwaje, ule unaopasuka mama akikaribia kujifungua. Atakujibu: chupa. "Chupa imepasuka, mpelekeni." Kwa hiyo wewe, mimi na yule mjuaji wa kijiweni, sote tumetoka kwenye chupa. Anayemcheka mwenzake kwa jina hilo anajicheka mwenyewe.

Jambo lenyewe ni rahisi kulieleza, gumu kulitenda. Kila mwezi yai hupevuka kwenye kokwa ya mwanamke, likatoka, likaingia katika mrija mwembamba. Humo ndimo linapokutana na mbegu ya mwanamume. Likirutubishwa huanza kugawanyika, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne, nne kuwa nane, huku likisafiri polepole kwenda kwenye mji wa mimba kujishikiza. Sasa mrija ukiziba? Yai liko upande huu, mbegu upande ule, hawaonani milele. Wazo la hawa mabwana lilikuwa hili: barabara imefungwa, tupite kando. Litolewe yai, likutanishwe na mbegu kwenye kioo, likianza kugawanyika lirudishwe ndani kwa kuuruka ule mrija.

Kwa sungura lilikuwa limekwisha fanyika. Mwaka 1959 M. C. Chang, Mchina aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alipata vitoto vya sungura kwa njia hiyo. Kwa binadamu, ngoma ikawa nzito zaidi.

WATU WATATU NA HOSPITALI NDOGO

Oldham ulikuwa mji wa viwanda vya pamba karibu na Manchester, Uingereza. Si London, si mahali ambapo ungetazamia dunia ibadilike. Huko alikuwako daktari wa wanawake, Patrick Steptoe, aliyekuwa na mapenzi na chombo ambacho wenzake wengi walikidharau: darubini nyembamba inayopenyezwa tumboni kupitia tundu dogo, bila kumpasua mgonjwa pasuo kubwa. Kule Cambridge alikuwako mtaalamu wa viumbe, Robert Edwards, aliyekuwa ametumia miaka mingi kutafuta jinsi yai la binadamu linavyopevuka. Edwards alijua la kufanya akilipata yai, Steptoe alijua jinsi ya kulipata. Wakaungana mwaka 1968. Mwaka huohuo Edwards alimwajiri muuguzi kijana, Jean Purdy, awe msaidizi wake maabara. Huyu mshike vizuri, tutamrudia.

Mwaka 1969 Edwards, mwanafunzi Barry Bavister na Steptoe walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamerutubisha yai la binadamu nje ya mwili. Ungedhani wangemiminiwa pesa. Wapi! Mwaka 1971 baraza la serikali linalogharimia utafiti wa tiba liliwanyima. Walitilia shaka usalama wa kazi hiyo, walitaka ijaribiwe kwanza kwa nyani, na zaidi ya hapo utasa haukuonekana kuwa ugonjwa wa kushughulikiwa. Mazungumzo ya miaka ile yalikuwa dunia inajaa watu, sasa kuna haja gani ya kuwatafutia wengine? Ndipo kazi ikaendelea kwa fedha za mfadhili binafsi kutoka Marekani, katika hospitali ndogo iitwayo Kershaw's, huku Edwards na Purdy wakiendesha gari zaidi ya kilomita 250 kutoka Cambridge kila walipohitajika, kisha kurudi tena.

Hebu fikiri maisha hayo. Yai halingoji saa za ofisi. Likiwa tayari usiku wa manane, ni usiku wa manane. Hapo mwanzo walikuwa wakiwapa wanawake homoni ili mayai mengi yapevuke pamoja. Mayai yalipatikana, yakarutubishwa, yakarudishwa, na mimba hazikushika. Mwaka baada ya mwaka hazikushika. Mimba moja iliposhika, ilijishikiza mahali pasipo pake, nje ya mji wa mimba, ikabidi iondolewe. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1976.

Mwaka 1977 wakabadili mbinu. Waliacha homoni wakaamua kulifuata yai moja tu, lile ambalo mwili wenyewe umelichagua. Wanawake walipima mkojo mara kwa mara, mchana na usiku, ili ijulikane saa ambayo mwili umetoa ishara. Mmoja wao alikuwa Lesley Brown, mama wa Bristol ambaye mirija yake ilikuwa imeziba na ambaye yeye na mumewe John walikuwa wamehangaika miaka tisa. Mwezi Novemba 1977 yai lake lilichukuliwa, likarutubishwa, likarudishwa likiwa limefikia seli nane. Likashika. Tarehe 25 Julai 1978, saa 5:47 usiku, katika Hospitali Kuu ya Oldham, alizaliwa kwa upasuaji mtoto wa kike mwenye kilo 2.6. Wakamwita Louise.

Kitovu alikuwa nacho.

DAFTARI

Hapa ndipo ngano huishia. Sisi tuendelee.

Miaka mingi baadaye watafiti wawili, Kay Elder na Martin Johnson, waliyasoma madaftari ya maabara ya Oldham, ukurasa kwa ukurasa, wakahesabu. Hesabu yao ilitoka mwaka 2015. Kati ya 1969 na 1978 wanawake 282 walishiriki. Mizunguko iliyopangwa kwa ajili ya kutoa mayai ilikuwa 457. Kati ya hiyo, ni 112 tu iliyofika hatua ya kurudisha kiinitete tumboni. Mimba zilizoshika zilikuwa 5. Watoto waliozaliwa hai walikuwa wawili: Louise Brown, na Alastair MacDonald aliyezaliwa Januari 1979.

Rudia kusoma, taratibu. Wanawake 282, watoto wawili.

Ina maana wanawake 280 waliingia katika hospitali ile, wakalazwa, wakapewa dawa ya usingizi, wakatobolewa tumbo, baadhi yao zaidi ya mara moja, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Na wengine katika miaka ya mwanzo walijua wazi kwamba mayai yao ni ya utafiti tu, hakuna kitakachorudishwa. Walikubali. Majina yao yamefichwa katika kumbukumbu, na hiyo ni haki yao. Si kila mtu anataka jambo la ndani ya mwili wake liwe stori ya gazeti. Lakini kuficha jina ni kitu kimoja, na kusahau hesabu ni kitu kingine. Bila kushindwa kwao, nani angejua kwamba zile homoni zilikuwa zikivuruga? Wanawake hawa ndio walioufundisha ulimwengu, kwa miili yao, njia zipi hazipiti.

JINA LA TATU

Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee. Jean Purdy alikuwapo, na lake halikuwapo vilevile.

Ni yeye aliyeiendesha maabara. Kazi ya kutazama yai lile la Lesley Brown chini ya darubini, kuona kama linagawanyika, ilikuwa yake, na inasimuliwa kwamba yeye ndiye wa kwanza kuziona seli zile zikigawanyika. Alipokwenda kumuuguza mama yake kazi ilisimama mpaka aliporudi. Hiyo peke yake inakuonyesha alikuwa nani. Hata hivyo lilipowekwa bango la kumbukumbu Oldham, liliwataja Steptoe na Edwards. Edwards aliandika barua kuwasihi jina la Purdy liwemo, maana, alisema, mchango wake ulikuwa sawa na wake mwenyewe. Hawakumsikia. Purdy alifariki mwaka 1985 akiwa na miaka 39. Steptoe alifariki 1988. Tuzo ya Nobel ilipotolewa mwaka 2010, akapewa Edwards peke yake, maana tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu. Barua zile za Edwards ziliwekwa wazi mwaka 2019, naye alikuwa amekwisha fariki tangu 2013.

KOLKATA, SIKU 70 BAADAYE

Kama unadhani kunyimwa jina ndiyo mwisho wa uchungu, twende India.

Tarehe 3 Oktoba 1978, siku 70 tu baada ya Louise, mtoto wa kike alizaliwa Kolkata. Daktari wake, Subhas Mukhopadhyay, alitangaza kwamba naye ametungwa nje ya mwili. Vifaa vyake vilikuwa duni na njia yake ilikuwa nyingine kabisa. Alitumia homoni kuchochea mayai, akayatoa kupitia ukeni badala ya kutoboa tumbo, kisha akakigandisha kiinitete na kukirudisha baadaye. Ajabu ni kwamba njia hiyo inafanana na ya kliniki za leo kuliko ile ya Oldham.

Serikali ya jimbo ikaunda tume. Tume haikuwa na mtaalamu wa jambo lenyewe. Ikamkejeli, ikamwona mwongo. Alinyimwa nafasi ya kwenda kueleza kazi yake nje ya nchi, na mwaka 1981 akahamishiwa taasisi ya magonjwa ya macho. Fikiri bwana, mtu wa uzazi unampeleka kwenye macho! Tarehe 19 Juni mwaka huo alijiua.

Mwaka 1986 mtafiti mwingine, T. C. Anand Kumar, alisifiwa India nzima kwa mtoto wa kwanza wa aina hiyo nchini humo. Mwaka 1997 akayapata maandishi ya Mukhopadhyay, akayasoma. Angeweza kuyafunga akanyamaza, nani angejua? Yeye akatangaza hadharani kwamba wa kwanza si mimi, wa kwanza ni yule marehemu. Hivyo ndivyo jina lilivyorudi kwa mwenyewe, kwa sababu kulikuwa na daftari na kulikuwa na mtu mwaminifu wa kulisoma.

ASILIMIA NI YA NINI?

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Australia walipata mtoto mwaka 1980, Marekani mwaka 1981. Homoni zilirudi, safari hii kwa vipimo bora, mayai yakapatikana mengi kwa mkupuo. Mashine ya ultrasaundi ikaongoza sindano badala ya darubini ya tumboni. Mwaka 1984 alizaliwa Melbourne mtoto kutokana na kiinitete kilichogandishwa na kikafika salama. Mwaka 1992 Wabelgiji wa Brussels walitangaza mimba zilizopatikana kwa kuichoma mbegu moja moja kwa moja ndani ya yai, na waume wenye mbegu chache wakapata tumaini. Afrika Mashariki, Kampala walipata mtoto wa kwanza mwaka 2004 chini ya daktari Edward Tamale Sali, na Nairobi mwaka 2006 chini ya daktari Joshua Noreh. Duniani watoto hawa wamepita milioni 10.

Sasa tujibu swali letu. Inafanikiwa mara ngapi?

Jibu hutegemea unagawanya kwa nini, na hapo ndipo mtu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Chukua hesabu zilezile za Oldham. Ukigawanya watoto 2 kwa mizunguko 457, mafanikio hayafiki hata nusu ya asilimia moja. Ukigawanya kwa viinitete vilivyorudishwa mara 112, unapata karibu asilimia 2. Ukihesabu mimba badala ya watoto, 5 kwa 112, ni asilimia 4 na nusu. Na ukiwa fundi wa matangazo ukahesabu watoto kati ya waliopata mimba tu, 2 kwa 5, unaweza kuandika ukutani kwa rangi nyekundu: MAFANIKIO ASILIMIA 40! Hujasema uongo hata neno moja. Umewafuta tu wanawake waliobaki.

Kwa hiyo mshikaji, ukisikia kliniki yoyote inataja asilimia, uliza maswali matatu. Asilimia ya nini, mimba au mtoto mkononi? Ya akina nani, wote walioanza sindano au waliofika mwisho tu? Na ya umri gani?

Umri ndio mzizi. Uingereza, ambako sheria inazilazimisha kliniki kutoa hesabu zao, takwimu za 2019 zilionyesha kwamba kwa mwanamke wa chini ya miaka 35 kiinitete kikirudishwa, mara 32 hivi katika 100 alizaliwa mtoto. Kwa wa miaka 43 na zaidi anayetumia mayai yake mwenyewe, haikufika mara 5. Mashine ni ileile, daktari ni yuleyule. Mayai ya mwanamke huzeeka naye, na kisahani cha kioo hakiyarudishii ujana.

Na hata hizo 30 katika 100 ziangalie vizuri. Wakianza wanawake 100 na kila mmoja ana nafasi ya 30 katika 100, mara ya kwanza 30 wanapata, 70 wanabaki. Mara ya pili 21 wanapata, 49 wanabaki. Mara ya tatu 15 hivi, wanabaki 34. Yaani baada ya kujaribu mara tatu, theluthi moja bado wanarudi nyumbani kama wale wa Oldham. Na hapo tumejifanya kwamba hakuna anayeishiwa fedha wala anayeongeza umri njiani. Katika miji yetu wengi wanaishiwa baada ya mara moja. Kiwanja kimeuzwa, mkopo wa SACCOS bado unakatwa, kilichobaki ni majibu ya kipimo yenye neno moja.

Sisemi watu wasijaribu. Watoto milioni 10 si porojo. Ninasema mtu aingie akiijua hesabu, maana asiyeijua akishindwa hudhani amelaaniwa, na majirani humsaidia kudhani hivyo.

NANI MGUMBA?

Na hapa kwetu laana hiyo ina anwani moja: mwanamke. Mke ndiye anayepelekwa kwa mganga, kwenye maombi, kwa shangazi mwenye mizizi. Ndiye anayeletewa mke mwenza. Mume akiambiwa akapime anakasirika kama ametukanwa, wakati katika karibu nusu ya ndoa zenye shida hii mwanamume naye ana sehemu yake. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hupitia utasa wakati fulani wa maisha yake. Mmoja kati ya sita! Kwenye daladala moja iliyojaa wamo kadhaa, na hakuna anayesema.

Kuna jingine linalotuhusu sisi vijana waziwazi. Utafiti wa Shirika hilohilo, uliofanywa nchi nyingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ulionyesha kwamba mirija iliyoharibiwa na maambukizo ilikuwa jambo la kawaida zaidi Afrika kuliko kwingine. Kisonono na klamidia, magonjwa ambayo kijana huyaficha, ambayo msichana mara nyingi hata hayasikii, hupanda polepole mpaka kwenye mirija na kuacha makovu. Zahanati inatibu kwa vidonge na sindano za bei ndogo. Makovu yakishakuwapo, njia iliyobaki mara nyingi ni ile ya kina Steptoe, ya mamilioni. Kijana anayemficha mwenzake leo anamwandikia deni la miaka kumi ijayo.

KALAMU ZETU

Wengi tunaosoma kurasa hizi tunataka kuwa waandishi. Basi tujiulize tunaandika nini kuhusu mambo haya. Hadithi ngapi tumesoma ambamo mke tasa ni mchawi, au ni mtu wa kuonewa huruma mpaka ukurasa wa mwisho anapopata pacha kwa muujiza? Yuko wapi yule asiyepata, ambaye keshokutwa anaamka, anakwenda kazini, anacheka, anazeeka na mumewe? Wapo 280 kutoka Oldham peke yake. Na huku kwetu, kwenye mabenchi ya kliniki, wanaongezeka kila juma.

Usiwaulize majina. Uliza walijaribu mara ngapi, na nani aliwashika mkono walipotoka, kisha uandike hilo.